Jina Analoita Mzee Akitetemeka

Kwa Vonza,
11 Februari 2024

Kavindu,

Isome mwenyewe barua hii. Usimpe binti yako Mumbua akusomee halafu aende kunicheka kwa simu na dada zake. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini mkono wangu unaandika na macho yangu bado yanaona mpaka kwenye boma la jirani.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu uliapa. Siku ya ntheo, posa ya huyo Mumbua wako, mbuzi za watu zimefungwa pale nje na wazee wamekaa, wewe ukaenda ukakalia kiti changu, kiti cha mke wa kwanza, ukavuka miguu. Nilisema mbele yao kwamba sitasema na wewe tena, na sijasema. Kuandika si kusema.

Sasa nijibu. Umemfanya nini mume wangu?

Ijumaa alitoka kwako na lori ya Guled wa mbuzi. Alishuka hapa saa za mchana akiwa mzima, akawauliza wajukuu kama ndama amezaliwa. Nikampokea, nikamtunza kama ninavyomtunza siku zote. Kabla ng'ombe hawajarudi, shati lake lilikuwa limelowa jasho kama la mtu aliyevuka mto, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mikono inatetemeka. Nikamwekea kiti, akakikosa, akakaa chini. Nikamuuliza, "Umekunywa nini huko Kilungu?" Akanitukana. Mwau! Mtu ambaye hata punda akimpiga teke anasema "pole". Nikamwekea muthokoi mbele, akala kama anagombana na sahani, na baada ya muda akarudi kuwa Mwau wangu. Akaniuliza kwa nini nimenuna.

Sisemi ni kamuti, sisemi umemroga. Mimi ni mtu wa kanisa, hayo mambo ya miti siyataji. Ninauliza tu kwa nini mtu anatoka kwako ndiyo anaanza kuwa hivyo.

Kuna na neno lingine alilosema akiwa katika hali ile. Hilo siliandiki.

Ujue pia kwamba ana ugonjwa wa sukari. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki hapa Kitui, na dawa nampa mimi kwa mkono wangu. Kwangu sukari nimeifungia kwenye sanduku la nguo, hata wajukuu wanakunywa chai chungu. Wewe usije ukamharibu na vitu vitamu vyako vya milimani.

Ni mimi,
Mwongeli, mke wa kwanza

*

Kilungu,
18 Februari 2024

Mama Kyule, mkubwa wangu,

Nimeipokea barua yako kwa Guled. Natumaini wewe, wajukuu na ng'ombe mko salama. Sisi tuko na baridi, lakini tuko.

Mambo ya kiti nilikwisha kuomba msamaha kupitia kwa wazee. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na mguu ulikuwa umevimba. Lakini najua hutaki kusikia.

Mzee hakunywa pombe kwangu. Haijawahi kuingia kwa mlango wangu. Alitoka hapa akiwa ametunzwa kila kitu kinachostahili.

Na kwa kuwa umeuliza, na mimi nauliza. Kila akifika hapa kutoka kwako, mambo huwa hayo hayo. Anashuka mzima, ananisalimia, anaangalia miti yake ya parachichi. Baada ya muda jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo, macho yanakutazama kama hayakujui. Mwezi uliopita alitaka kumpiga mbuzi ngumi. Nilikuwa na chupa ya soda ya wageni. Nikamnywesha. Haukupita muda akaamka kama mtu aliyekuwa ndotoni, akaomba chakula.

Unasema dawa unampa wewe kwa mkono wako. Sawa, mkubwa wangu. Kila mtu ana mkono.

Wako kwa heshima,
Kavindu

*

Kwa Vonza,
25 Februari 2024

Kavindu,

SODA!

Mwenye ugonjwa wa sukari unampa soda, halafu unaniandikia "kwa heshima". Ndiyo maana! Ndiyo maana siku ya Ijumaa anaamka kabla ya kuku, anajipaka mafuta usoni, anasimama barabarani kungoja lori ambayo bado iko Kitui. Anakimbilia soda. Mimi nampa ndengu na ukweli, wewe unampa soda na kucheka.

Na hiyo sweta ya kijani uliyomfumia. Nani alikwambia Kwa Vonza kuna baridi? Anavaa katika jua hili, anatoka jasho, anasema ni nyepesi. Nimeifua pamoja na magunia.

Nilimpata Mwau akiwa na shati moja na jembe la kuazima. Tulichimba matuta ya lile shamba sisi wawili, mimi nikiwa na Kyule tumboni. Wewe ulikuja miti ikiwa imezaa. Pasta Jonah mwenyewe anajua ni nani anayeshiriki meza ya Bwana na ni nani anayekaa kiti cha nyuma.

Sasa nitaliandika lile neno, kwa sababu nimechoka kulibeba. Akiwa anatetemeka, aliniita Kavindu.

Nikamwambia, "Mwau, ni mimi Mwongeli." Akasema, "Ondoka hapa, mwite Kavindu." Katika nyumba niliyokandika kwa mikono yangu. Wajukuu wanasikia. Na si mara moja.

Mtu haiti jina hivyo hivyo tu, Kavindu. Umeliweka hapo. Lilipoingia ndipo litakapotoka. Akirudi safari hii nitamfungisha kula, siku nzima na inayofuata, tuombe mpaka uchafu wako umtoke. Hata uji sitampa.

Usinijibu.

Mwongeli, mke wa kwanza

*

Kitui, hospitalini,
9 Machi 2024

Kavindu,

Umeisikia sauti yangu jana kwa simu. Usijisifu. Nilisema na wewe kwa sababu ya Mwau, na sasa nimerudi kuandika.

Kwa simu nilikuwa napiga kelele na wewe ulikuwa unalia, hakuna aliyesikia mwenzake vizuri. Kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa, nikiwa nimekaa kwenye benchi ya wodi, na karatasi ameniazima nesi.

Alifika kwangu Alhamisi. Nikampa dawa, kisha nikamwambia leo hatuli, tunaomba. Akakubali, unamjua, anakubali kila kitu ili asinuniwe. Asubuhi ya Ijumaa nikampa dawa tena, kwa sababu nilisema kufunga ni kufunga lakini dawa ni dawa. Tukapiga magoti. Nilikuwa nimefumba macho nikikutaja wewe kwa Mungu, si kwa uzuri, nikasikia kishindo. Mwau yuko chini. Jasho limejaa shingoni, mwili baridi. Nikamwita, hajibu. Nikamfinya sikio, hajibu.

Nikashika bakuli la uji wa wajukuu. Nikamfungua mdomo, nikamimina. Uji ukaenda njia ya pumzi, akakoroma, midomo ikabadilika rangi. Nikamwinua, uji ukamtoka puani. Kyule akaja mbio, tukamwingiza kwenye gari ya jirani yetu mwalimu.

Hapa kuna nesi anaitwa Ndila, mtoto mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu wa mwisho. Alinigombeza kama amenizaa. "Susu, bibi yangu, mtu ambaye hajijui hapewi kitu mdomoni, hata maji ya maombi. Unamlaza kwa ubavu apumue vizuri, unamkimbiza hapa." Nikamwambia mimi nimelea watoto saba. Akasema, "Na huyu wa nane ulitaka kumzamisha kwenye uji." Ningemjibu lakini alikuwa amemshika Mwau mkono akitafuta mshipa.

Walipima. Sukari yake haikuwa juu, Kavindu. Ilikuwa chini, chini kabisa, karibu imwishie. Mimi nimefungia sukari kwenye sanduku na mtu wangu anakufa kwa kuikosa! Wakamwekea dripu ya sukari kwenye mshipa, akafungua macho. Daktari akauliza anameza dawa gani na anapewa na nani. Nikasema na mimi, peke yangu. Akasema imeshuka kama ya mtu anayemeza mara mbili. Nikasema haiwezekani. Halafu nikakumbuka ulivyoandika kwamba kila mtu ana mkono. Ndipo nikaomba simu.

Na wewe ukasema, "Na mimi nampa."

Sijui kati yetu mjinga ni nani zaidi. Naandika kwamba ni wewe.

Bado wamemshikilia. Daktari anasema dawa hizo hukaa mwilini, sukari inaweza kupanda na kushuka tena, kwa hiyo hatoki mpaka watakapoona imetulia. Anakula. Ameuliza sweta yake iko wapi.

Mwongeli

*

Kilungu,
13 Machi 2024

Mama Kyule, mkubwa wangu,

Nilitaka kuja hospitalini. Nilifika mpaka barabarani na nguo zangu kwenye kikapu, kisha nikafikiria tutakavyokaa mimi na wewe kwenye benchi moja mbele ya wagonjwa, nikarudi. Sijui kama nilifanya vizuri.

Nitaeleza na mimi. Mwaka jana mzee alilalamika kiu na kukojoa kila mara. Nikampeleka kliniki ya huku Makueni. Hakuwaambia kwamba Kitui wamekwisha kumpa dawa. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Mama Kyule hushika mambo yake, na wewe shika yako." Nikaelewa kwamba wewe humpi kitu. Nilikudharau, naomba unisamehe. Kwa hiyo siku ya safari wewe ulikuwa unampa asubuhi kabla hajapanda lori, na mimi nampa akishuka, nikisema huyu maskini ametoka mahali ambapo hatunzwi. Akirudi kwako, wewe na mimi tunafanya vilevile. Na njiani hali, kwa sababu Guled hasimami. Yeye mzee anatuogopa sisi wawili kuliko anavyoogopa kufa, anameza tu.

Za kwangu nimezirudisha kliniki zote.

Na ile soda, si akili yangu. Ilikuwa bahati. Nilitaka tu kumnyamazisha.

Sasa lile jina. Nilipoisoma barua yako ya mwezi wa pili niliiweka chini nikatoka nje. Kwa sababu kwangu haniiti Kavindu. Akianza kutetemeka ananiita Mwongeli. Nimelibeba hilo tangu mwaka jana, na sikumwambia hata Mumbua. Nilikuwa najiambia, miaka hii yote, watoto hawa wote, na moyo wake uko Kwa Vonza. Ile sweta niliifuma kwa wivu, nikitaka akiwa kwako asisahau nani aliyeifuma.

Nesi wa huku ananiambia ni ugonjwa, kichwa kikikosa sukari hakijui kilichoko mbele yake. Labda. Lakini mimi nimekuambia.

Kavindu

*

Kwa Vonza,
20 Machi 2024

Kavindu,

Ati ananiita mimi. Umeona nimefedheheka ukatunga kitu cha kunipoza. Mimi si mtoto wa kupewa peremende.

Mwau ametoka hospitalini. Daktari amebadilisha dawa na kuipunguza. Pakiti ni moja, inatembea naye mfukoni. Anayeamka naye ndiye anampa, na kwanza ale. Hakuna kufunga, hata Pasta Jonah nimemwambia, akaniambia Mungu anaelewa. Nikamwambia Mungu alielewa kabla yako.

Sukari nimeitoa kwenye sanduku. Iko juu ya meza, kwenye kopo lenye kifuniko. Nikiliona hilo kopo naona kama limekaa hapo kunicheka.

Hii sweta nimeitafuta, nimeipata kwenye magunia. Imefupika mikono kidogo. Ni pamba mbaya uliyotumia.

Mwongeli

Kama si uongo, andika alisema vipi. Maneno yenyewe.

*

Kilungu,
27 Machi 2024

Mama Kyule,

Si uongo. Alisema hivi: "Mwongeli, ng'ombe wameingia kwenye mahindi. Leta ile fimbo, mimi nazuia huku chini."

Nikamwambia hapa hakuna ng'ombe, mzee, hapa ni Kilungu. Akanikazia macho, akasema, "Wewe ni nani? Mwongeli angekuwa ameshafika." Kisha akalia.

Hayo ndiyo maneno yenyewe.

Kavindu

*

Kwa Vonza,
15 Aprili 2024

Kavindu,

Nimechelewa kujibu. Ile barua niliisoma, nikaiweka. Hiyo fimbo ilikuwa ya mkwaju, na ng'ombe walikuwa wa baba yake. Ni kweli nilifika haraka. Basi.

Nakuandikia mambo ya Jumamosi, kwa sababu utayasikia kwa watu na watayapotosha.

Tulikuwa na mazishi ya mzee Mbuvi wa hapa ng'ambo. Mwau alikula asubuhi, akameza dawa yake moja, mimi mwenyewe nikiangalia. Lakini unajua mazishi. Chakula kilisemwa mchana, na mchana ukapita, kila mjomba anataka kusema alivyomjua marehemu. Wengine walikuwa wanakula machungwa kichinichini. Mwau hakutaka, anasema ni aibu mzee kutafuna mbele ya jeneza.

Pasta Jonah akiwa katikati ya mahubiri, Mwau akasimama. Akamwambia pasta ang'oe hema, amelipiga kwenye shamba la Kavindu bila ruhusa. Watu wakacheka. Nikasikia mmoja akisema, "Mzee wa watu amelewa matangani." Vijana wawili wakaja kumshika wamtoe nje, akawarushia kofia.

Mimi niliangalia paji la uso wake. Jasho. Niliangalia mikono. Nikajua, sikuuliza mtu. Nikawaambia vijana, "Msimguse, si pombe, sukari imeshuka. Mkalisheni pale kwa kivuli." Nikaenda kwa wapishi wa chai, nikatia mkono kwenye gunia lao la sukari bila kusema hodi. Nikakoroga kwenye kikombe cha maji. Alikuwa bado anaongea na kumeza mate yake, kwa hiyo alikuwa anaweza kunywa. Hilo Ndila alinifundisha, na mimi kitu nikigombezwa mara moja sikisahau.

Nikampelekea mdomoni. Akapiga kikombe, maji yakanimwagikia kifuani. "Wewe ni nani? Sinywi kwa mtu nisiyemjua. Kavindu yuko wapi?"

Akina mama wa kanisa wote walikuwa wamegeuka. Wote. Wale walionionea huruma alipokuoa, na wale waliofurahi. Mahubiri yamesimama. Nikakoroga kikombe kingine. Akauliza tena, kwa sauti, "Kavindu yuko wapi?" na macho yake yalikuwa yanaanza kwenda mbali, kama siku ile ya uji.

Nikasema, "Niko hapa. Mimi ndiye Kavindu. Kunywa, baba."

Akanywa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili akanywa chote, ananitazama, anatabasamu kwa jina lako. Nikampa kingine. Tukangoja, nimemshika mgongo. Jasho likaanza kukauka. Wakamletea wali, akala, na katikati ya kula akaniangalia akasema, "Mwongeli, mbona nguo zako zimelowa?" Nikamwambia nimenyeshewa. Akatazama juu kwenye jua, akaendelea kula.

Syombua, yule mke wa karani, akaniambia wakati wa kuosha sahani, "Leo Mwongeli umekuwa mke wa pili." Nikamjibu, "Mume wako anajua jina lako vizuri sana, na bado halali kwako."

Siku hiyo hiyo nilimpeleka kliniki akapimwe, hata kama alikuwa anacheka njia nzima. Wamesema nilifanya sawa. Wamesema pia asikae na njaa, na akienda safari abebe kitu cha kula.

Nimekaa na hasira yangu siku mbili. Bado ipo, usidhani imeondoka. Nilipokuwa nalitamka jina lako mbele ya watu, lilikuwa kama kuvaa nguo ya mtu mwingine ikiwa bado na joto lake. Lakini ningemwambia mimi ni Mwongeli, na ningekuwa sahihi, na leo tungekuwa tunachimba kaburi la pili.

Ijumaa anakuja kwako. Atakuwa amekula ugali na maziwa, na dawa ya asubuhi atakuwa ameimeza hapa. Usimpe nyingine mpaka Jumamosi akishakula. Nimemfungia viazi vitamu, na Guled nimemwambia asimame Machakos watu wale, na asiposimama mbuzi wangu hatawaona tena. Mfuko wa kushoto una peremende. Akianza kutetemeka, usimngoje akutukane.

Na akikuita Mwongeli, usimsahihishe. Itika. Lakini itika kwa sauti kubwa, mimi sinong'oni.

Mwongeli